Kope Likianguka Baada ya Sindano ya Makunyanzi

Mwezi huu tunazungumza juu ya sindano za kuondoa makunyanzi usoni, na hasa juu ya tatizo moja linaloweza kuzifuata: kope la juu la jicho kulegea na kushuka, hata mtu akaonekana kama anasinzia upande mmoja. Tunaposema kope hapa, hatusemi nywele zake, bali ile ngozi inayofunika jicho tunapolala.

Pengine utasema, "Hayo ni mambo ya matajiri wa Ulaya na Marekani, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu. Sindano hizi siku hizi zinapatikana hata Nairobi na Dar es Salaam, na watoto wetu wanaofanya kazi Ulaya na Uarabuni huzikuta huko. Tena, kope kuanguka kuna sababu nyingi, nyingine ndogo na nyingine za kuua. Familia ikijua kuzitofautisha haitahangaika bure na lile linalopona lenyewe, wala haitakawia nyumbani na lile linalotaka hospitali siku hiyo hiyo.

Hatuandiki ili kumhukumu mtu anayetaka uso laini. Tunaandika ili ajue anachochomwa, na ili asione haya kusema pale mambo yanapoharibika.

DAWA HII NI NINI?

Dawa inayotumika ni sumu. Ndiyo, ni sumu kweli, ila iliyopunguzwa hadi kiasi kidogo sana. Hutengenezwa na bakteria waitwao botulinumu, na watu wengi huijua kwa jina la kibiashara la Botox, ingawa yako makampuni mengine yanayoitengeneza kwa majina mengine.

Sumu hii ilijulikana kwanza kwa mauti yake. Huko Ujerumani, kati ya mwaka 1817 na 1822, daktari aitwaye Justinus Kerner alichunguza watu waliougua na kufa baada ya kula soseji zilizoharibika. Miongoni mwa dalili alizoandika ilikuwemo hiyo ya makope kuanguka. Kerner huyo huyo aliwaza kwamba sumu hiyo, ikitumiwa kwa kiasi kidogo mno, huenda siku moja ikawa dawa. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles huko Ubelgiji, wapiga muziki walikula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa vibaya baada ya mazishi, na watatu kati yao wakafa. Profesa Emile van Ermengem alichunguza nyama ile akawapata bakteria wenyewe.

Ugonjwa unaoletwa na sumu hii huitwa botulizimu, na kwetu Afrika ya Mashariki si mgeni kabisa. Mwaka 1980 jarida moja la madaktari la Uingereza lilichapisha habari za watu nchini Kenya waliopatwa na botulizimu baada ya kula mchwa.

Mawazo ya Kerner yalitimia baada ya zaidi ya miaka 150. Daktari wa macho wa Marekani, Alan Scott, alitumia sumu hii kutibu macho yenye makengeza, akachapisha matokeo yake mwaka 1980. Serikali ya Marekani iliikubali mwaka 1989 kwa makengeza na kwa ugonjwa wa makope kujifumba kwa nguvu. Huko Kanada, mke na mume, Jean na Alastair Carruthers, yeye daktari wa macho na mumewe daktari wa ngozi, waliona kwamba wagonjwa waliotibiwa makope walikuwa wakipoteza mikunjo kati ya nyusi. Walichapisha habari hiyo mwaka 1992, na mwaka 2002 Marekani ikaruhusu dawa itumike kwa mikunjo hiyo. Hata leo dawa hii ina kazi nyingi za maana, kama kulegeza misuli iliyokakamaa baada ya kiharusi na kupunguza aina fulani ya maumivu makali ya kichwa.

INAFANYAJE KAZI?

Kila tunapotaka kukunja uso, ubongo hupeleka amri kwa njia ya mishipa ya fahamu. Mshipa ukifika kwenye msuli hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, na kemikali hiyo ndiyo inayoupigia msuli hodi na kuuambia ujikunje. Sumu ya botulinumu huzuia kemikali hiyo isitoke. Mshipa upo, msuli upo, lakini hodi haipigwi. Msuli hulala, na ngozi iliyo juu yake hunyooka.

Kazi hiyo haionekani papo hapo. Huanza baada ya siku mbili tatu na hukamilika katika wiki mbili hivi. Baada ya miezi mitatu au minne mshipa hurudia kazi yake, na makunyanzi hurudi. Kwa hiyo anayetaka uso ubaki laini hana budi kuchomwa tena na tena. Hilo mtu alihesabu mapema, pamoja na fedha zake.

KWA NINI KOPE HUANGUKA?

Juu ya kila jicho, nyuma ya mfupa wa paji, umo msuli mwembamba wenye kazi ya kuinua kope. Hauko mbali na misuli inayokunja nyusi. Mchomaji akichoma chini mno, au akiweka dawa nyingi kupita kiasi, au dawa ikisambaa kutoka pale ilipowekwa, sehemu yake hupenya hadi kwenye msuli huo. Msuli huo nao hulala, na kope hushuka.

Ndiyo maana watengenezaji huagiza kwamba sindano za juu ya nyusi zichomwe angalau sentimeta moja juu ya ukingo wa mfupa. Katika majaribio yaliyofanywa kabla ya dawa kuruhusiwa kwa mikunjo ya kati ya nyusi, makope yalianguka kwa watu 3 hivi katika kila 100. Nao walichomwa na madaktari waliofunzwa. Kwa mchomaji asiyejua mahali misuli ilipo, hatari ni kubwa zaidi.

Mara nyingine si kope lililoanguka bali ni unyusi. Msuli wa paji ukilegezwa mno, nyusi hushuka na kulilemea kope kwa juu. Ukitaka kutofautisha, inua unyusi taratibu kwa kidole mbele ya kioo. Jicho likifunguka vizuri, yaelekea tatizo ni unyusi. Likibaki limefumba nusu, yaelekea ni kope lenyewe. Hali zote mbili hupungua zenyewe, lakini inafaa mganga ajue ni ipi.

HUANZA LINI, NA HUKAA MUDA GANI?

Kwa kawaida kope huanza kushuka siku chache baada ya sindano, na mara nyingi ndani ya wiki mbili. Huwa ni jicho moja, ingawa yanaweza kuwa yote mawili. Haliumi. Mtu huliona zaidi akisoma au akitazama juu.

Habari njema ni kwamba hali hii hupita. Kiasi kilichofika kwenye msuli wa kope huwa kidogo, kwa hiyo mara nyingi kope hurudi mahali pake katika wiki mbili hadi sita, mapema kuliko makunyanzi yanavyorudi. Kwa wachache hukawia zaidi. Hakuna dawa ya kuifuta sumu iliyokwisha kuingia katika mshipa. Mwili wenyewe ndio hujirekebisha.

YAFANYWE NINI?

Mama mmoja alituletea binti yake aliyekuwa amerudi likizo kutoka Uarabuni. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba nusu. Jirani mmoja alisema ni kiharusi, mwingine akasema ni husuda ya wenzake wa kazini, na bibi alikuwa amemkanda kwa kitambaa cha moto siku tatu mfululizo. Tulimwambia atabasamu, na mdomo ukasimama sawa. Tulimwambia ainue mikono, ikainuka sawa. Mboni zilikuwa sawa, na maji aliyameza bila taabu. Ndipo tukamwomba mama atoke kidogo, tukauliza, "Mwanangu, ulichomwa sindano yoyote usoni?" Akainamisha kichwa. Alikuwa amechomwa siku tisa kabla ya kusafiri, na aliona haya kumwambia mama yake. Daktari alimpima, akathibitisha. Wiki ya tano jicho lilikuwa wazi.

Tunasimulia hayo kwa sababu ya ile haya. Mganga asiyeambiwa habari ya sindano anaweza kupoteza siku nyingi akitafuta ugonjwa mwingine, na mgonjwa akapoteza fedha kwa vipimo visivyohitajika. Na ikiwa sumu imeenea mwilini, kunyamaza kunaweza kugharimu uhai. Basi, kope likianguka baada ya sindano:

1. Rudi kwa aliyekuchoma, au nenda hospitali, ukaseme wazi ulichomwa lini, wapi, dawa gani na kiasi gani.

2. Usisugue wala kukanda mahali palipochomwa, hasa siku za mwanzo. Kukanda kunaweza kuisukuma dawa iende mahali isipotakiwa.

3. Usikubali kuchomwa sindano nyingine "ya kusawazisha" kwa haraka. Subiri kwanza dawa ya awali imalize kujionyesha.

4. Usiendeshe gari, pikipiki wala baiskeli ikiwa kope linafunika mboni au unaona vitu viwili viwili.

5. Muulize daktari wa macho juu ya matone. Yapo matone, kama yale ya apraklonidini, yanayoamsha msuli mwingine mdogo wa kope na kuliinua kwa milimeta moja au mbili kwa saa kadhaa. Hayaponyi, bali yanasaidia wakati wa kungoja. Hayamfai kila mtu, kwa hiyo usijinunulie dukani.

6. Ikiwa jicho halifumbi vizuri usingizini, au linakauka na kuwasha, mwambie mganga upesi ili kioo cha jicho kisidhurike.

DALILI ZA HATARI

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kope peke yake ni wingu dogo. Lakini likifuatana na mambo haya, mvua yaja, na ni kubwa:

– kuona vitu viwili viwili au ukungu;
– kushindwa kumeza, au maji kurudi puani;
– sauti kubadilika au ulimi kuwa mzito;
– mdomo kukauka sana;
– shingo, mikono au miguu kulegea;
– pumzi kuwa fupi.

Hizo ni dalili kwamba sumu imeenea mbali na mahali palipochomwa. Zinaweza kutokea baada ya saa chache au hata wiki kadhaa. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana. Misuli ya kupumua ikilegea, huhitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Ipo dawa ya kupinga sumu hii, lakini huizuia tu ile inayozunguka bado katika damu. Haiwezi kurudisha nguvu iliyokwisha kupotea. Ndiyo maana saa zina thamani.

Hayo si mambo ya kubuni. Huko Marekani, hadi katikati ya Aprili 2024, watu 22 katika majimbo 11 walikuwa wameripotiwa kudhurika na sindano za namna hii, na 11 kati yao walilazwa hospitali. Walikuwa wamechomwa na watu wasio na leseni au mafunzo, au mahali pasipo pa tiba, kama vile nyumbani, na baadhi yao walichomwa dawa bandia. Huko England, kati ya tarehe 4 Juni na 14 Julai 2025, watu 38 walipatwa na botulizimu baada ya sindano za urembo. Makope kuanguka, kumeza kwa shida na ulimi mzito vilikuwa miongoni mwa dalili zao. Nchi hizo zina hospitali kubwa, na bado yametokea. Je, kwetu ambako mashine za kupumulia ni chache?

SI KILA KOPE LIMEANGUSHWA NA SINDANO

Hata mtu aliyechomwa sindano anaweza kuwa na ugonjwa mwingine. Msiseme upesi, "Ni ile sindano yake." Angalieni haya:

Kope limeanguka ghafla pamoja na maumivu makali ya kichwa, jicho limegeukia nje, au mboni moja ni kubwa kuliko nyingine. Huenda mshipa wa damu umevimba kichwani na unakandamiza mshipa wa fahamu wa jicho. Ni jambo la hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Mdomo umepinda, mkono au mguu mmoja hauna nguvu, maneno hayatoki vizuri. Hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Msingoje asubuhi.

Kope ni zima asubuhi, jioni linaanguka, na mtu anachoka kutafuna. Huo huenda ni ugonjwa wa misuli kuchoka, uitwao miasthenia. Una dawa, na mgonjwa akitunzwa vizuri huishi na kufanya kazi zake.

Mtu ameumwa na nyoka, na makope yote mawili yanaanza kushuka. Sumu ya koboko na ya baadhi ya fira nayo huharibu mawasiliano ya mshipa na msuli, na makope huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kulegea. Baadaye hufuata koo, kisha pumzi. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Mlazeni mgonjwa atulie, kisha mpelekeni hospitali haraka.

Watu kadhaa waliokula chakula kimoja wanalegea makope na kushindwa kumeza. Waoneni wote kama wagonjwa wa botulizimu, na mpelekeni na mabaki ya chakula hospitali.

Mtoto amezaliwa na kope limeshuka. Kope likifunika mboni, jicho halijifunzi kuona, na uoni unaweza kupotea kwa maisha yote. Msingoje akue. Apelekwe kwa daktari wa macho angali mchanga.

Mzee ambaye makope yake yameshuka polepole kwa miaka. Mara nyingi ni msuli uliochakaa kwa umri, na upasuaji mdogo unaweza kumsaidia. Hata hivyo apimwe macho, shinikizo la damu na kisukari.

KABLA YA KUCHOMWA

Anayeamua kuchomwa sindano hizi ni haki yake, lakini aulize kwanza maswali kama anavyouliza bei ya kitenge. Anayenichoma ni daktari au mtaalamu aliyesajiliwa? Chupa ya dawa ina jina, namba na tarehe ya kuisha? Imetunzwa wapi? Aina nyingi za dawa hii hukaa katika friji, nyuzi 2 hadi 8, hazibebwi katika mkoba juani. Nitachomwa yuniti ngapi? Yuniti za kampuni moja si sawa na za kampuni nyingine, na anayezichanganya humzidishia mtu kipimo. Nikipata shida usiku, nitampata nani?

Mtu asiyeweza kujibu maswali hayo asikuguse uso. Sindano ya bei ya kutupwa, inayochomwa saluni au sebuleni kwa rafiki, ndiyo inayotutia hofu zaidi. Rahisi huwa ghali.

Tena, wapo wasiofaa kuchomwa kabisa, au mpaka daktari wao aamue: mama mjamzito na anayenyonyesha, kwa kuwa usalama wa mtoto haujathibitishwa, mwenye miasthenia au ugonjwa mwingine wa misuli na mishipa ya fahamu, mwenye shida ya kumeza au kupumua, mwenye kidonda au uambukizo mahali pa kuchomwa, na ambaye kope lake limeshuka tangu zamani. Anayetumia dawa kama jentamaisini aseme, maana dawa hizo zinaweza kuongeza nguvu ya sumu hii.

Wazazi, mwana akirudi nyumbani na jicho lililolegea, msianze kwa kumgombeza wala kwa kumkanda. Mwambieni atabasamu, ainue mikono, anywe maji funda moja. Tazameni mboni zake. Kisha muulizeni kwa upole, tena faraghani, kama alichomwa sindano. Akiona kwamba hamtamcheka, atasema kweli, na mganga atakuwa na pa kuanzia.